Mzima Huyu

Mzee anayetutunzia ghala la mvinyo hapa kwetu Bourgogne hashiki chupa kongwe kwa shingo hata siku moja. Huileta mezani imelala kikapuni vile vile ilivyolala ghalani, huizibua bila kelele, huimimina taratibu mbele ya mshumaa, na machicha yakianza kusogea mle shingoni, anaacha. Kisha anaonja yeye kwanza, tone tu, macho kafumba. Meza nzima husubiri neno lake lile lile: “Mzima huyu.”

Jumapili hii alizibua chupa ya mwisho ya mwaka aliozaliwa Solène, binti wa nyumba hii, aliyowekewa na marehemu baba yake. Akaonja. “Mzima huyu!” Akatugawia. Niliponusa glasi yangu, nikakutana na harufu ya kadibodi iliyolowa. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo wote. Solène akanywa, akatabasamu. “Mtamu, mjomba.” Nasi tukasifu, tukimeza kwa shida. Bibi yake Solène, ambaye mdomo wake hauna breki, akaisukuma glasi kando. “We mzee, pua umeisahau wapi? Huu hata nyama siipiki nao!”

Mzee akanusa tena, akanusa na kizibo. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Akazikusanya glasi zetu kwa utaratibu ule ule aliozigawia, ya Solène kwanza, yake mwisho. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo ukitutazama.

“Na ule mliousifu Pasaka?”

Tukainamia sahani zetu.