Siku Nilifundisha Ablatif Kwa Bokilo

Bandugu, mucheke tu, mimi mwenyewe nimesha kucheka.

Papa ya Josefina, binti nilitaka kuoa, alisema mutoto yake ataolewa na mutu wa masomo. Alors mimi, karani wa depo ya mafuta, nikamwambia nilisoma latini seminari, miaka mingi. Siku ya kujionyesha kwa bokilo, wakwe zangu, nikavaa kravati, nikaenda kwao karibu na maporomoko ya muto.

Papa akauliza: "Mutoto yangu, kuko neno moja ya latini nilisikia kwa mupadri: ablatif. Maana yake nini? Ilitoka wapi?"

Mungu wangu! Nilikumbuka jina tu. Lakini mudomo yangu haijuagi kunyamaza. Nikasema Ablatif ilikuwa jenerali wa Roma, mutu mukali, na siku Kaisari alikufa, yeye alilia kama mutoto.

Mama akasikitika: "Maskini!"

Bon, nikamuongezea Ablatif mujane na watoto saba.

Tonton ya Josefina, ndugu ya papa yake, alikuwa ameikaa chini pembeni, kaptula imelowa, anafunga mutego ya samaki. Akasema bila kuinua kichwa:

"Ablatif ni umbo ya jina katika sarufi ya latini. Inatoka kwa neno ya kubeba kitu na kukiondoa pahali. Inaonyesha kitu kinatoka wapi. Wagiriki hawakuwa nayo, Waroma walijitafutia jina wenyewe."

Nikacheka: "Tonton, nani alikudanganya?"

"Seminari, miaka nane. Ilibakia kidogo niwe padri. Na wewe ulifanya ngapi?"

Josefina mwenyewe akaniangalia.

"Miezi mine, tonton."