Niliongoza mtihani wa chuo cha ualimu zama za Mwingereza, na bado wakaniacha

Wakuu, amani kwenu nyote mliomo humu, na nyinyi mnaochungulia bila kuingia.

Ujanani niliamini kwa moyo wangu wote kwamba karatasi za mtihani zinapimwa kwa mizani. Zinatiwa kwenye gunia, zinafika bomani Lindi, mkubwa mmoja anaziweka juu ya mizani moja baada ya nyingine, na iliyo nzito ndiyo inayopita.

Msicheke. Hii ni kweli tupu, nikiongeza chumvi ni kidogo tu.

Kilwa Kivinje ya wakati ule, kila kitu nilichoona kikithaminiwa kilipita kwenye mizani. Ufuta, mbata, nta. Mchana nilikuwa nabeba magunia dukani kwa Mhindi. Ningejuaje kwamba akili ina kipimo kingine?

Jioni nasoma. Shule yetu ilikuwa baraza ya Mwalimu Athumani, watu wazima tumebanana kwenye mikeka, na karabai moja iliyovuta mbu wote kuanzia Kikole hadi mpaka wa Msumbiji. Hapo ndipo mimi na rafiki yangu Bakari, mtoto wa wakulima wa Mitole, tulipomaliza darasa la nane.

Basi chuo cha ualimu kikatangaza nafasi. Kwa sisi wa shule za usiku, wilaya nzima, wangechukua mtu mmoja.

Mmoja, wakuu.

Mama aliposikia, akaacha kuniita Saidi. Akawa ananiita Mwalimu. "Mwalimu, uji huo." "Mwalimu, kuni zimekwisha."

Na mimi nikaanza kuota macho wazi. Gunia liko begani, lakini silihisi. Najiona nimevaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, soksi mpaka gotini, napita Kivinje asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikoko, na watoto wanakuja nyuma yangu kimya kimya, miguu yao haigusi mchanga. Mpaka leo nikifumba macho naiona ile kaptura. Sijawahi kuivaa, lakini naijua mpaka vifungo.

Siku ya mtihani nikaandika kama mtu anayejaza gunia. Kila swali nililijibu, na mengine ambayo hayakuulizwa. Nilikandamiza kalamu mpaka meza nayo ikaelimika. Niliomba karatasi za ziada hadi msimamizi akawa ananikwepa.

Majibu yakatoka. Mwalimu Athumani akaja mpaka dukani, pindo la kanzu mkononi, anahema.

"Saidi, wewe ndiye wa kwanza! Wilaya nzima!"

Bakari alikuwa wa mwisho kati ya walioitwa kwenye usaili huko Lindi.

Kwenye lori nikamchokoza. "Ndugu yangu, unakuja kunibebea sanduku?"

"Nakuja kula samaki wa Lindi," akasema. "Wewe endelea kuvuta hizo soksi ambazo hujavaa."

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza.

Sisi watu wa magunia tulikuwa na kanuni moja: mzigo ukishasomwa kwenye mizani, maneno yamekwisha. Hakuna tena kubembelezana. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba naitwa Lindi kupimwa sare.

Nikakuta Mzungu mwenye kiko na mkaguzi wa shule, Bwana Hamisi, mtu wa kwetu huku huku kusini. Wakaniingiza kwenye darasa la watoto wadogo. "Wafundishe kugawanya," akasema Bwana Hamisi.

Nikasimama. Dirishani ghuba ilikuwa imetulia kama maziwa bakulini, na humo majini nikaiona kaptura yangu ikielea. Nikawasomea watoto maana ya kugawanya kwa Kiingereza, neno kwa neno kama nilivyoiandika kwenye mtihani. Mmoja akalala. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu.

"Una swali lolote?" akaniuliza Bwana Hamisi.

"Ndiyo, bwana. Sare zinashonwa lini?"

Akaingia Bakari. Nikiwa nje nikasikia darasa linanguruma.

"Nyinyi ni mihogo! Nyinyi watatu ni wageni! Haya mihogo, nendeni kwa wageni, mmoja mmoja, sawa kwa sawa. Kuna mgeni hajashiba?"

"Hakunaaa!"

Nikajisemea, maskini Bakari, anajisumbua bure.

Akachukuliwa Bakari.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniita Mwalimu kwa muda, sauti ikipungua, ikipungua. Halafu asubuhi moja akasema, "Saidi, uji huo." Nikaunywa.

Nawaandikia haya kwa sababu wajukuu zangu wanagombana kila siku kuhusu Division One, nani kapata pointi ngapi, chuo gani kitamchukua. Kila mmoja anadhani cheti ndicho kitakachokwenda kusoma, yeye atabaki nyumbani. Wasomi wangu wee, alama zitafuteni kwa nguvu zote, bila hizo nisingeiona hata hiyo Lindi. Ila mkishazipata msisinzie. Waliowahi kuachwa na score kubwa, au kuchukuliwa na ya kubahatisha, shusheni yenu hapa chini, nitayasoma yote kwa miwani miwili.

Mimi jibu langu nililipata miaka baadaye, nilipokutana na Bwana Hamisi sokoni Lindi ananunua pweza.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba."

Nikajitambulisha, nikamuuliza kwa nini waliniacha na alama zile. Alinikumbuka papo hapo.

"Alama zako zilikuwa za juu kuliko zote," akasema, "ndizo zilizofanya tukuite. Lakini wote tuliowaita siku ile walikuwa wamefaulu. Tukamchukua aliyewafundisha wale watoto. Wewe hukuwafundisha."