Santuri ya Gitting Niliyofunikia Maharage

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mwanangu, usiniulize tarakimu. Muulize mtu yeyote wa umri wangu hapa Hanang habari za ule unga wa msaada, ugali wenye rangi ya kifaranga na harufu ya gunia. Tulikula tukashukuru, maana shambani hapakuwa na kitu. Nilikuwa msichana bado, na siku moja ya mwaka huo vijana wanne kutoka Katesh walipanda hapa Gitting na magitaa yao kumwomba baba yangu aingie kwenye santuri.

Walikuwa wanapiga funki. Gitaa la besi lilikugonga kifuani kama ng'ombe anayepiga teke mlango wa zizi. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuisifu Gitting: ukungu wake, maharage yake, mlima uliotukalia kichwani. Walitaka uanze na slufay, ile dua yetu ya Kiiraqw ambayo mzee huiombea nchi, akataja vilima, maji na mifugo, na watu wakamwitikia kila mstari. Kwa dua hiyo baba hakuwa na mpinzani.

"Nitaomba," akawaambia. "Lakini nani ataitikia? Mimi siombi peke yangu kama kichaa."

Vijana wakatazamana. Magitaa waliyajua, kuitikia hawakujua. Baba akaninyooshea kidole. "Huyu anajua. Tunakwenda naye."

Tukapanda lori hadi Arusha, kisha basi hadi Nairobi, tukaingizwa kwenye chumba cha kurekodia kisicho na dirisha. Baba akavua kofia, akaomba kama vile amesimama kwake mbele ya majirani. Nikaitikia. Magitaa yakaingia, na mimi nusura nikimbie.

Santuri zilitengenezwa chache. Baba akapewa moja, nami nilipoolewa ng'ambo ya kijito, hapahapa Gitting, akanipa iwe yangu. Basi wifi zangu wakapata la kusema. "Wifi, kumbe sauti yako inazurura kwenye mabaa ya watu, na wewe umekaa hapa unakamua ng'ombe?" Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilikuwa mke mpya, naimba kwaya kanisani, nikaona aibu mpaka masikioni.

Siku moja nikaepua chungu cha maharage kikiwa kinachemka. Miaka mingi nilisema sikuona mfuniko. Nisikudanganye, mwanangu: mfuniko niliuona. Nilichukua santuri, nikafunikia chungu.

Baba akaingia saa ileile. Santuri ilikuwa imeshapinda kwa mvuke kama jani la boga. Nikasubiri makofi. Hakunipiga. Aliketi, akala maharage yale, akanawa mikono, ndipo akasema, "Binti yangu, mimi nikifa utanisikia wapi?" Akachukua fimbo yake akaenda. Masika yaliyofuata hakuyaona.

Nimezeeka na swali hilo. Nilizaa, nikazika, nikapata wajukuu, na sauti ya baba ikanitoka kabisa. Uso naukumbuka. Sauti, hapana.

Mwaka jana mjukuu wangu Neema, fundi cherehani Katesh, alikwenda kununua vitambaa kwa Mzee Rashidi. Mzee akamuuliza kwao ni wapi. Aliposikia Gitting akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Mke wake, marehemu sasa, alikuwa wa huku kwetu. Mzee alimnunulia santuri ile zamani, asilie kwa kukumbuka kwao.

Neema akanipigia. "Shikamoo, bibi. Kuna mzee hapa ana santuri yenye sauti ya baba yako."

"Marahaba. Mwambie asiende popote."

Asubuhi nilikuwa Katesh. Mzee Rashidi akaiweka kwenye mashine yake ya zamani. Kitu cha kwanza, baba akakohoa. Kikohozi chake kilekile. Kisha akaanza kuomba, na kila anaponyamaza kasauti ka msichana kanaitikia. Mimi nikasogeza sikio kwenye mashine.

"Mama, itikia," Mzee Rashidi akasema. "Miaka yote hii naitikia mimi, na Kiiraqw chenyewe sikijui."

Nikacheka, nikalia, nikaitikia. Besi ilipoingia Neema alisimama akacheza katikati ya vitambaa. Mzee akanipa santuri na mashine yake pia. "Mke wangu ameshapumzika," akasema. "Wewe ndiye mwenye baba." Nilimpigia magoti, na mtu kama huyo hata wewe umpigie.

Habari zikatembea. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, mkusanyaji wa miziki ya zamani, akapiga simu. Ana adabu, aliniamkia vizuri. Anataka kuichukua akaihifadhi kwenye chumba cha baridi, maana kijijini itaharibika. Nikamwambia kuhusu kuharibika ananifundisha nini, wakati ya kwanza niliipika mwenyewe. Neema alishaurekodi wimbo kwenye simu, akamtumia wote. Lakini santuri yenyewe nilimjibu: "Haitoki Gitting. Anayetaka kumsikia baba yangu apande huku, akae, aitikie."

Sasa sikia, mwanangu. Watu wakikucheka kwa kitu cha kwenu, usikimbilie kukitupa ili wakupende. Wifi zangu walicheka siku mbili wakasahau. Mimi nililipa kwa miaka yote niliyokaa bila baba. Na mgeni akikutunzia chako, usione haya kumshukuru mbele za watu. Mimi kila Jumapili namtaja Mzee Rashidi kanisani, na yeye ni Mwislamu, na hakuna aliyenikataza.

Mvua ikukute umeshapanda. Mifugo yako irudi jioni imetimia. Ukiwa mbali, Mungu akupe mtu wa kukuuliza kwenu ni wapi, na wewe ujibu bila kuinamisha kichwa.

Jana yule bwana kapiga tena, anasema atakuja na gari, nifikirie. Nimeshafikiri. Nimemjibu: "Haitoki Gitting. Anayetaka kumsikia baba yangu apande huku, akae, aitikie."