Mama Wino na Pumzi Yake

"Mimi nitachapa jua kwenye plastiki kama ninavyochapa fulana zenu! Na mume wangu atashonea mwanga wake kabla mwaka haujaisha!"

Mama Wino aliyasema hayo kwenye harusi ya mpwa wake, kipaza sauti mkononi, ilhali alichoombwa ni nasaha kwa bibi harusi tu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mumewe, fundi cherehani, akainamia sahani yake kama aliyedondosha kitu humo.

Mama Wino hakuwa amelewa. Baada ya miaka mingi ya kuchapa fulana za kampeni na za misiba, alikuwa amepata kazi kwenye karakana inayotengeneza paneli za sola kwa wino. Wino wenyewe ni silikoni iliyosagwa hadi ikawa chembe ndogo mno. Mbele yake unywele ni gogo. Wino huo unapitishwa juu ya plastiki kwa fremu ya kitambaa na mpira wa kukwangulia, kazi anayoiweza hata akisinzia. Haitaki matanuri ya kiwanda, ndiyo maana paneli zake zingeuzwa rahisi.

Sababu ya haraka yake ilikuwa nyumbani. Mumewe alishonea chumba kisicho na dirisha, macho yameanza kumchoka, umeme nao unakuja ukijisikia. Uzi mweusi juu ya nguo nyeusi ulimpotea kabisa.

"Nyeusi imepitwa na wakati," aliwaambia wateja, nao wakajiondokea. Mama Wino akaelewa: leo nyeusi, kesho bluu, keshokutwa cherehani inafunikwa shuka.

Injinia wa karakana, binti mdogo kuliko kitindamimba wake, alikuwa ameahidi: karatasi yake ya kwanza ya plastiki itakayopita jaribio, aende nayo nyumbani. Lakini kila aliyochapa ilikufa, haikutoa umeme. Siku moja Injinia akasimama kumtazama.

"Mama, umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Umepuliza!"

Kweli. Fulana ikitoka kwenye fremu huwa anaipuliza ukingoni aone kama wino umeshika. Wino huu, ukiguswa na unyevu wa pumzi kabla ya kufunikwa, umekwisha.

Akaapa kuacha. Kufika mchana mdomo ukawa umesharudia mchezo wake.

Alipomsimulia mumewe, mzee alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Kisha akasema polepole, "Jaza maji mdomoni, mke wangu. Mwenye maji mdomoni hapulizi."

"Na kuongea je?"

"Wenzako nao watapumzika."

Basi akachapa mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, wenzake wakipishana kumsalimia makusudi ili wamchekeshe. Hakutema tone. Karatasi ikapita.

Aliibeba kifuani, imefungwa kwenye kanga kama kichanga. Wakaitandika juu ya bati, waya ukapita darini, na taa ikawaka juu ya cherehani.

Mzee alichukua uzi mweusi, akautunga kwenye sindano mara moja tu.

"Umeuona?" mkewe akauliza.

"Na wewe nakuona. Umenenepa."

"Ni mashavu, baba. Yamezoea maji."

Mzee akamshika shavu hilo kwa kiganja, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akachukua chaki, akaandika mlangoni:

*Nyeusi tunapokea. Kupunguza suruali, shilingi elfu mbili.*