Ulingo wa Vipande Vitatu

Mikanda mipya ya nailoni ina harufu yake, kali kidogo, kama mpira uliokaa juani ukachanganyika na rangi ya chuma. Juzi hapa La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, nilipita nyuma ya pikapu iliyokuwa ikifungwa mizigo, harufu ile ikanijia puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka kumi, nimesimama ndani ya duka la vifaa vya uwindaji, katikati ya baba na mama ambao hawakuwa wakisemeshana.

Baba yangu alikuwa fundi wa mageti, mtu wa Handeni. Utotoni kwao alilinda mahindi juu ya ulingo, lile dungu la miti wanalolijenga juu ili wamwone nguruwe kabla nguruwe hajawaona wao, na nadhani moyo wake haukuwahi kushuka kule juu. Huku Johannesburg alimtengenezea geti mzee mmoja mwenye shamba nje ya mji, wakawa marafiki, na kila kipupwe mzee yule akamruhusu kwenda na upinde wake kuwinda swala. Baba alipanda mtini, akakaa kwenye tawi akisubiri, na sisi tukala nyama mpaka majirani wakawa wanajua siku ya kututembelea.

Kipupwe kimoja tawi likakatika naye. Mguu ulivunjika vibaya, hospitali wakautia chuma, na aliporudi nyumbani alikuwa akichechemea. Baba Mkubwa, kaka yake mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto, akaja na kiti kipya cha plastiki, akakiweka mlangoni petu.

"Utakaa hapa," akamwambia. "Mambo ya kupanda miti basi."

Wageni wote waliokuja kumjulia hali wakaafiki. Mama akaafiki kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baba alikikalia kile kiti. Wapita njia wakaanza kumsalimia kwa upole ambao hawakuwa nao zamani, wakiinamisha vichwa kana kwamba wamefika msibani, na yeye akawaitikia huku akitazama pembeni. Mpaka asubuhi moja ya Jumamosi akavaa viatu vyake vya kazi, akatangaza kwamba anakwenda kununua ulingo wa dukani, ule wa chuma unaobebeka.

"Hutanunua kitu," mama akasema. "Nakwenda na wewe nimwone huyo atakayekuuzia."

Ndiyo sababu mimi na mama tulikuwamo garini. Kila roboti, taa ya barabarani, iliyotuwakia nyekundu, baba alipiga vidole kwenye usukani na mama alitazama dirishani, ushungi wake umebana usoni kama wa mtu anayekwenda kutoa ushahidi.

Dukani, malingo yalitundikwa kwenye magogo yaliyosimamishwa sakafuni ili mteja ajaribu. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye ule mwepesi wa sehemu mbili, ambao unaupandisha wewe mwenyewe mtini: unakaa, unavuta sehemu ya chini kwa miguu, unasimama, unapandisha ya juu. Unabebwa mgongoni kama begi la shule. Macho yake yaling'aa. Muuzaji, kijana mchangamfu, akamwangalia mguu.

"Eish, madala, mzee wangu," akasema, akicheka kwa wema. "Kwa mguu huo? Nikuoneshe kibanda cha turubai. Unakaa chini, kwenye kiti, raha mustarehe."

Jamani, yalikuwa maneno yaleyale aliyoyasema mama nyumbani kila siku. Lakini nilimwona mama akigeuka polepole, kama aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

"Amekuuliza habari za mguu?" akamwambia kwa kile Kiingereza chake cha sokoni. "Amekuuliza ulingo. Muoneshe ulingo."

Baba akapanda. Akapandisha kiti mara ya kwanza, ya pili, kisha mguu ukaanza kutetemeka mpaka gogo zima likatetemeka naye. Nikaomba baba ashuke, nikaomba asishuke. Akashuka, jasho limemtiririka, akasimama akikitazama kile chuma kama mtu aliyemtusi.

"Huu hapana, Baba Hawa," mama akasema taratibu. "Lakini kibanda pia hapana."

Akaanza kuzunguka. Akatikisa ngazi, akakanyaga vidato kwa nguvu zake zote, akaketi kwenye viti na baibui lake huku wateja wakimkodolea macho, akauliza kila mkanda unafungwa wapi. Mwishowe akashika ulingo wenye ngazi yake, ulio imara, unaotenguliwa vipande vitatu.

"Mzito," baba akasema. "Kutoka kwenye gari hadi mtini ni mbali. Nani ataubeba?"

"Una vipande vitatu. Na sisi tuko wangapi?"

Kisha akachukua mkanda wa usalama, ule wa kupita kifuani na mapajani, akamvisha baba palepale na kuuvuta mpaka akaguna. "Bila huu, hupandi."

Baba Mkubwa alipopata habari alikuja mbio. "Mnamsindikiza kufa!"

"Tunamsindikiza kuwinda, shemeji," mama akajibu. "Na hicho kiti chako ukipenda kichukue, kinatuzibia mlango."

Shambani tuliubeba kweli, baba mbele akichechemea na kipande chake, mimi nyuma nikiburuza changu kwenye nyasi kavu. Akapanda polepole, akajifunga mkanda, akatulia na upinde wake. Ilitakiwa mimi na mama turudi garini. Mama hakurudi. Alishika mguu wa ngazi kwa mikono miwili.

"Mama Hawa, swala watanusa harufu yako," baba akanong'ona kutoka juu.

"Wanuse."

Siku ile hakuja hata mmoja. Walikuja kipupwe kilekile, baadaye, mama alipokubali kukaa mbali kidogo, na paja la swala wa kwanza tulimpelekea Baba Mkubwa. Akala, akaomba mchuzi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dukani mama alikuwa ameacha kuogopa. Niliwasimulia hivyo wenzangu shuleni, nikajivunia. Leo nina watoto, na mmoja anapenda kila kitu ambacho watu wanamwambia si chake, ndipo ninapoikumbuka ile mikono. Ngazi ilikuwa imefungwa mtini kwa mikanda mitatu. Haikuhitaji mtu wa kuishika. Mama aliogopa tangu dukani, aliogopa njia nzima na kipande cha chuma begani, na aliogopa mchana kutwa chini ya mti ule. Hata hivyo hakumwambia ashuke.