Daraja la Kuunganisha Ofisi Mbili

Kiwanda chetu cha Morogoro kilipouzwa kwa mwekezaji, tuliletewa kompyuta, na mimi nikaambiwa nizisimamie. Zilikuwa kwenye mitandao miwili midogo: mmoja ofisi ya uhasibu, mwingine ghalani, na katikati mfereji unaofurika kila mvua ikipiga huko milimani. Taarifa zilivuka kwa disketi. Aliyezibeba ni mama mhudumu, mtu wa Matombo, na wenzake walipopunguzwa kazi yeye alisalimika kwa sababu hiyo tu: lazima awepo wa kubeba disketi.

Zikilowa, lawama ni zangu. Nikaenda kwa bwana utawala kuomba kifaa. Nilianza na maneno ya Kiingereza, akanikatiza.

"Sema Kiswahili. Nyie wataalamu mnapenda kutuficha mambo."

Haya. "Naomba daraja, mzee."

Akavua miwani. "Umeajiriwa juzi, leo unataka kupanda daraja?"

Nikaanza upya. Nilimweleza kwamba hilo daraja ni kisanduku kinachokaa kati ya mitandao miwili. Kinasikiliza huku na huku, kinajifunza kompyuta ipi iko upande upi, halafu kinavusha yale tu yanayohusu upande wa pili. Ya uhasibu peke yao yanabaki huko huko, hayaendi kusumbua ghala. Muuzaji wa Dar alitaka kutubambikia ruta, kifaa cha kuchagua njia baina ya mitandao mingi inayojitegemea. Sisi wa kuvuka mfereji, ruta ya nini? Bwana utawala aliitikia kwa kichwa muda wote, nami, mjinga, nikaamini ameelewa.

Mama mhudumu alikuwa ameleta chai, akasikia. Akanifuata koridoni.

"Mwanangu, hilo daraja likija, mimi nitabeba nini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kumwambia mtu aliyeshika trei ya vikombe. Nikamwambia bado halijaja.

Wiki chache baadaye nikasikia nyundo nje ya dirisha. Mafundi seremala walikuwa wanagongomelea mbao juu ya mfereji, tena mbao za maana, na kingo za kushikilia pande zote mbili. Bwana utawala alisimama kando, ameridhika.

"Daraja lako hilo. Linaunganisha ofisi mbili, kama ulivyotaka."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikarudia yote palepale kwenye matope: kisanduku, kusikiliza, kujifunza, kuvusha.

"Ndiyo," akasema. "Hata hili linavusha."

Mvua ikaanza. Mama mhudumu akatoka uhasibu, disketi zake ndani ya mfuko wa nailoni, akashika ukingo, akavuka bila hata kuinua khanga. Akasimama mbele yangu, mimi bado nahema kwa hasira.

"Asante, mwanangu," akasema. "Hili linanivusha na mimi."