Mama alikuwa anakata kidonge cha presha nusu, nikaamua kumuuliza daktari bei

Salaam wakuu, wa Muscat na mliko kote.

Kazi yangu ni kutunga riwaya, kwa hiyo mna haki ya kunitilia shaka. Hii sikuitunga. Imetokea nyumbani kwetu Al Khoudh, na mama ameniruhusu niisimulie mradi nisimtaje jina.

Mama ana presha. Dawa yake ni ya kila siku, na ni ghali hasa. Sisi watoto tukitaka kumlipia hakubali.

Asubuhi moja nikaingia jikoni nikamkuta amekilaza kidonge juu ya kibao cha kukatia ndimu, kisu mkononi, anakilenga kama sonara.

"Unafanya nini, mama?"

"Nakata. Nusu leo, nusu kesho. Mwili wangu ushaizowea."

"Na kile kizunguzungu cha juzi?"

"Kile cha jua."

Jua lipi, wakuu, na siku ile tulishinda ndani na AC inanguruma.

Niseme hili pembeni. Yeye ni raia, hospitali ya serikali angetibiwa bila ya kuumia mfuko. Hataki. Anakwenda kliniki ya kulipia kwa sababu daktari wa pale ni mtoto wa shoga yake wa tangu Unguja, na anazungumza Kiswahili.

Kiarabu mama anakijua, lakini maradhi yake yote yamo kwenye Kiswahili. "Nikimwambia roho yanipaa," huwa anasema, "yeye haniulizi imepaa kwenda wapi."

Kwa hilo siwezi kumlaumu.

Nikamwambia basi amuulize huyo daktari kama ipo dawa ya bei nafuu. Akanitazama kama nimemtuma akaombe sadaka.

"Nimuulize bei mtoto wa Zuwena? Ende akamwambie mamaake kuwa mimi sina kitu?"

Hapo nikaamua. Kama yeye haulizi, nitauliza mimi, naye akiwepo.

Tukaenda pamoja. Daktari akampima, presha ipo juu. Akapima tena, juu vile vile. Akageukia kompyuta, akasema atamuongezea dawa ya pili.

Mama akaitikia kwa kichwa. Yaani alikuwa tayari kununua dawa mbili za ghali ili tu asiseme kwamba ile moja hawezi kuimeza nzima.

"Dakta," nikasema, "kabla hujaongeza, ujue anameza nusu."

Nikafinywa paja chini ya abaya. Nikaendelea. Kwa nini dawa hii ghali hivi? Ipo nyengine?

Akatoa mikono kwenye kibodi. Akaeleza kwamba kampuni inayovumbua dawa hupewa miaka ya kuiuza peke yake, na gharama zote za kuivumbua huzirudisha kwenye bei. Miaka ikisha, viwanda vyengine vinaruhusiwa kuitengeneza. Hiyo ndiyo generic, dawa ile ile kwa jina jengine. Lakini lile jina la mwanzo huendelea kuuzwa ghali, maana watu washaliamini.

"Na hii ya mama, generic ipo?"

"Ipo. Nzuri tu."

"Sasa mbona humuandikii?"

Akaona haya, mtu mzima yule. "Huyu ni mama yangu, dada. Nikimuandikia ya rahisi si atasema namdharau?"

Mama akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe tutafanyiana adabu mpaka nife," akasema.

Tukacheka sote watatu, ila mimi machozi yalikuwa karibu.

Dawa ya pili haikuandikwa. Aliandikiwa generic, akaambiwa ameze kizima kila siku na asikate tena, maana vipo vidonge vilivyoundwa viyeyuke polepole mwilini. Tuliporudi kupimwa, presha ilikuwa imeshuka.

Nilichojifunza ni kwamba bei ya dawa inapangwa mbali, na makampuni hatuyaoni. Lakini kipande chake kimoja tulikuwa tunakilipa kwa sababu ya ukimya wetu wenyewe, na hicho kimo mikononi mwetu. Msibadilishe dawa kwa kusoma uzi huu. Ulizeni, tena mbele ya mzee wenu, hata mkifinywa.

Mzee wako anameza dawa kama alivyoandikiwa, au anakwambia hivyo tu? Kaa naye umuulize, kisha uje hapa utueleze alivyokujibu.